CO2 ikizidi hewani, huko chini kwenye mizizi ya miti kunatokea nini? (uzi mrefu, kaa mkao wa kusoma)

Mchimba_Mzizi

Wakuu habari za muda huu.

Kuna hoja naiona inazunguka sana kwenye nyuzi za tabianchi, kwamba CO2 ni chakula cha mimea kwahiyo ikiongezeka miti itanawiri, itaimeza yote na mambo yatakaa sawa yenyewe, sasa watu wanahangaika nini. Nusu ya hoja ni kweli kabisa. Ila anayeisema anaangalia majani tu, hajashuka chini, na huko chini ndiko hesabu inakovurugika. Naweka ninachokijua, wenye ujuzi wataongezea, ubishi ruksa ila tuje na hoja.

Kwanza kuna kitu wengi wanakiruka. Charles David Keeling alipoanza kupima hewa kule Mauna Loa, Hawaii mwaka 1958, CO2 ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni, kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi, na sasa tumeshavuka 420. Mtu akisikia hivyo anadhani bakteria wa kwenye udongo wanaivuta hii hewa mpya na wanabadilika. Wapi! Hewa iliyomo ndani ya udongo, kwenye vile vinafasi katikati ya chembe za mchanga na mfinyanzi, tayari ina CO2 maelfu kwa milioni na saa nyingine makumi ya maelfu, kwa sababu mizizi inapumua, vijidudu vinapumua, na hewa yenyewe haitoki haraka. Kijidudu kilichozoea 5,000 au 10,000 hakina habari kwamba huko juu imetoka 315 ikafika 420.

Kinachobadilika ni mti. Jani linapata CO2 kirahisi zaidi, linatengeneza sukari nyingi zaidi, na ile sukari lazima iende mahali, nyingine shinani, nyingine kwenye majani mapya, na fungu kubwa tu linateremshwa mizizini. Mizizi myembamba inaongezeka, inashuka chini zaidi, na inatoa majimaji yenye sukari, asidi za kikaboni na amino asidi. Ule udongo unaogusana na mzizi kabisa, milimita chache tu (raizosifia ndio hiyo), ndio penye purukushani yote. Bakteria na fangasi waliokuwa wamelala njaa wanaletewa chakula mpaka mlangoni, wanaamka, wanazaliana, halafu wanaanza kutafuta naitrojeni na fosforasi maana sukari peke yake haijengi mwili wa mtu. Hapo sasa ndipo mti na vijidudu wanapoanza ama kusaidiana ama kunyang'anyana. Nani anashinda? Inategemea, na hiyo inategemea ndio uzi wenyewe.

jani_tupu

Nimekaa paleee nasubiri.

Kokoto77

Mkuu somo zuri ila swali, hayo wamejuaje? Msitu mzima huwezi kuufunika na nailoni ukaujaza gesi. Au ndio vile vimiche vya kwenye kopo halafu mnatuambia ni msitu?

Mchimba_Mzizi

@Kokoto77 swali zuri na una haki ya kuhoji, maana majaribio ya mwanzo yalikuwa ya makopo kweli na mizizi ikishajaa kopo majibu yote yanaharibika. Ndio maana wakaja na FACE (kifupi cha Kiingereza cha kuongeza CO2 kwenye hewa ya wazi). Hakuna nailoni. Wanazungushia miti halisi mabomba kwa duara, upana mita 25 au 30 hivi, kuna sensa ya upepo na kompyuta, upepo ukitoka kushoto gesi inafunguliwa upande wa kushoto ili ipite katikati ya duara, ikizidi kipimo inapunguzwa, sekunde kwa sekunde, miaka na miaka. Pembeni wanaweka maduara mengine yanayopuliziwa hewa ya kawaida tu ili walinganishe.

Kwa miti iliyo maarufu ni Duke kule North Carolina, misonobari aina ya loblolly, kuanzia 1996 mpaka 2010, waliongeza 200 kwa milioni juu ya hewa ya kawaida. Oak Ridge, Tennessee, miti ya likwidamba, 1998 mpaka 2009. Rhinelander kule Wisconsin. Halafu wakaja wa misitu iliyokomaa, EucFACE karibu na Sydney (mikaratusi, tangu 2012) na BIFoR kule Staffordshire, Uingereza (mialoni yenye umri wa karibu karne mbili, tangu 2017), hawa wawili wanaongeza 150.

Na kuna faida moja ya pembeni ambayo mimi naipenda sana. Gesi wanayopulizia mara nyingi inatokana na mafuta au gesi ya ardhini, na kaboni yake ina uchache wa kaboni 13 (ile aina ya kaboni iliyo nzito kidogo) ukilinganisha na hewa ya kawaida, kwahiyo ina alama. Ukiikuta kwenye mzizi, kwenye fangasi, kwenye mnyoo aliyekula fangasi, unajua hii iliingia kupitia jani baada ya mabomba kuwashwa. Ukikuta kaboni isiyo na alama inatoka udongoni kama CO2, ujue kuna mtu anakula akiba ya zamani. Kumbukeni hii ya akiba ya zamani, tutairudia.

mbishi_na_data

Sawa, na miti ilikua au haikukua? Maana mnazunguka sana. Nijuavyo mimi kwenye misitu minne ya mwanzo ya FACE ukuaji ulipanda wastani wa asilimia 23. Kama ni hivyo basi CO2 ni mbolea, uzi ufungwe.

Mchimba_Mzizi

Uzi haufungwi mkuu 😀

Hiyo 23 ni sahihi, ni ya Norby na wenzake mwaka 2005. Ila huyohuyo Norby akaendelea kupima Oak Ridge mpaka akatoa ripoti nyingine 2010, ongezeko lilikuwa kama asilimia 24 miaka ya mwanzo, kufikia 2008 limebaki 9. Kwanini? Naitrojeni iliisha, au niseme ilikuwepo ila imefungwa kwenye mbao, kwenye majani yaliyoanguka na kwenye miili ya vijidudu. Na sio kwamba ile miti haikuhangaika. Walikuwa wamefukia mirija ya plastiki angavu kwenye udongo, wanaingiza kamera ndogo ndani wanapiga picha mizizi inavyopita nje ya ukuta wa mrija, wakaona kwenye maduara ya CO2 mizizi myembamba imezidi mno hasa kule chini zaidi ya sentimita 30. Mti ulikuwa unachimba kutafuta naitrojeni na bado haikutosha.

Njoo Duke sasa. Misonobari iliendelea kukua vizuri mpaka mwisho wa jaribio, na udongo wa pale ni maskini vilevile. Tofauti ni nini? Nawaachia wa fangasi waje maana namuona @BintiKuvu yupo mtandaoni.

BintiKuvu

Nimeitika kaka. Ngoja niweke kwa ukaribu kidogo maana watu wanasema fangasi fangasi bila kuwaona.

Ukifukua mzizi wa msonobari taratibu, usiung'oe, ufukue kwa vidole kwenye ile tabaka ya majani yaliyooza nusu, ukauosha na kuuweka chini ya kioo cha kukuzia, utaona ncha zake nyingi ni fupi, nene, zimegawanyika mbilimbili kwa umbo la Y, na hazina vile vinyweleo tulivyochora shuleni. Zimefunikwa utando, mweupe au wa njano au mweusi inategemea na aina ya fangasi. Kwenye utando huo zinatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinaingia kwenye majani yaliyooza na kusambaa mbali na mzizi. Hao ni mykoraiza wa nje, hawaingii ndani ya seli za mzizi, wanapita katikati ya seli. Misonobari, mialoni, na hata miti ya miombo wako nao. Wengi wao wana vimeng'enya vya kuvunja mabaki ya viumbe wenyewe na kutoa naitrojeni iliyojifunga humo.

Likwidamba wa Oak Ridge yeye ana kundi lingine, wale wanaoingia ndani kabisa ya seli. Kwa macho huwaoni, mzizi unaonekana wa kawaida, mpaka uchemshe, upake rangi, uweke kwenye darubini ndio unaona vichaka vidogo ndani ya seli. Hawa ni hodari wa fosforasi ila kuvunja mabaki magumu sio kazi yao, wanachukua kilichokwisha kuvunjwa na wengine.

Kwahiyo mwaka 2016 César Terrer na wenzake wakakusanya majaribio mengi wakayapanga kwa aina ya fangasi, wakaona mimea yenye mykoraiza wa nje inaongeza uzito kwa karibu asilimia 30 CO2 ikipanda hata pale naitrojeni ilipo kidogo, ila yenye mykoraiza wa ndani kwenye udongo wenye naitrojeni kidogo karibu hakuna kitu. Duke na Oak Ridge zinakaa humohumo. Mti analipa sukari, fangasi analeta naitrojeni, ila lazima uwe umeajiri fangasi mwenye uwezo huo.

Kokoto77

Dada @BintiKuvu shikamoo, hapo kwenye miombo umenigusa. Ila mimi bado na ule mzizi kutoa majimaji, hiyo inapimwaje? Mzizi uko ardhini, majimaji yanaliwa papohapo na bakteria, nani kayaona?

BintiKuvu

Marahaba 😂 uliza tu.

Wanafukua mzizi mwembamba bila kuukata kutoka kwenye mti, wanauosha udongo wote, kazi ya kuchosha mgongo hiyo maana ukiuvuta kidogo tu umekatika. Wanauingiza kwenye bomba la sindano lenye shanga ndogo za kioo na maji yenye madini kidogo, wanafunika ili mzizi ujione bado uko ardhini, wanauacha, kesho yake wanayavuta yale maji na kupima kaboni iliyomo. Pale Duke walifanya hivyo kwa mizizi mingi ndani ya miaka mitatu. Msimu wa kukua mizizi ya kwenye CO2 nyingi ilitoa asilimia 55 zaidi, ukihesabu mwaka mzima ni kama 50.

Na utamu uko hapa, kwenye vipande vilivyowekewa mbolea ya naitrojeni mizizi haikuongeza kutoa. Yaani mti haumwagi sukari eti kwa kuwa imezidi, unaitoa pale inapoweza kuamsha vijidudu vikafungua naitrojeni. Sisemi mti unafikiri, msije mkaanza.

jani_tupu

Sasa kama vijidudu ndio vinaishika naitrojeni, mti anaipataje kwao? Si vimeshaila?

Mchimba_Mzizi

@jani_tupu kwa sababu navyo vinaliwa. Kuna protozoa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, kazi yao kula bakteria pembeni ya mzizi. Bakteria ana naitrojeni nyingi kuliko anayohitaji mlaji, inayozidi inatolewa nje kama amonia, na mzizi uko palepale. Juu yao kuna utitiri na wadudu wengine wanaokula fangasi. Ndio maana ukihesabu bakteria tu ukasema wameongezeka au hawajaongezeka unaweza kukosa picha nzima, wanaweza kubaki idadi ileile huku wanazaliwa na kuliwa kwa kasi mara dufu. Kwa maoni yangu hapa ndio tafiti nyingi zimepwaya, watu wanapenda kuhesabu vinasaba vya bakteria kwa sababu mashine ipo, kukaa na darubini kuhesabu minyoo nani anataka.

Halafu kuna maji. CO2 ikiwa nyingi jani linafunga vitundu vyake kidogo, linapoteza maji machache, udongo kuna misimu unabaki na unyevu kuliko ungekuwa. Unyevu huo nao unawafaa vijidudu. Haitokei kila mahali, mti ukiongeza majani mengi faida inaliwa hukohuko.

mbishi_na_data

Nimesoma yote na bado sioni tatizo. Mti wenye fangasi sahihi unakua, unahifadhi kaboni. Tupande misonobari dunia nzima basi.

Mchimba_Mzizi

Haya sasa, ile akiba ya zamani.

Udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea ukivijumlisha, kwenye mita moja ya juu tu inakadiriwa kama tani bilioni 1,500. Nyingi ni mabaki ya viumbe ambayo yamekaa miaka na miaka kwa sababu kuyavunja kunahitaji nguvu na vijidudu havina. Sasa ukiviletea sukari ya mzizi ni sawa na kuwashia gogo kwa vijiti, vijiti vyenyewe vinaisha haraka ila gogo limeshashika moto. Asidi zinazotoka mzizini nazo zinafungua kaboni iliyokuwa imeganda kwenye madini. Kwahiyo naitrojeni iliyoinua misonobari ya Duke ilitoka wapi? Ilitoka kwenye hayo mabaki, na yakivunjwa kutoa naitrojeni kaboni yake inaondoka kama CO2.

Ukipima sasa unakuta hivi: Duke miti ilinenepa, majani yaliyoanguka yakarundikana juu, ila kaboni ndani ya udongo wenyewe haikuongezeka. Oak Ridge ukuaji wa miti ulififia, ila kaboni ya udongo ikapanda, mizizi yote ile iliyokufa huko chini ilibaki humo. Terrer akarudi tena 2021 na majaribio 108, akaona mtindo huohuo kwa upana, pale mimea inapoongezeka sana kaboni ya udongo inashuka, pale mimea inapoongezeka kidogo udongo unapata. Kwenye nyika udongo ulipata kama asilimia 8, kwenye misitu hakuna ongezeko.

Kwahiyo kaka mbishi, msonobari wako unaingiza huku na kutoa kule. Sio kwamba faida ni sifuri, ila ukihesabu shina tu bila kuchimba shimo umehesabu upande mmoja wa daftari.

mbishi_na_data

Hapo nakubali nusu. Ila hizo zote ni miti michanga, ya kupandwa. Msitu wa zamani?

Mchimba_Mzizi

Ndio maana nilitaja EucFACE. Mikaratusi iliyokomaa, udongo wenye fosforasi kidogo mno. Hesabu yote ya kaboni ilitoka 2020, Jiang na wenzake, majani yalivuta kaboni zaidi kwa asilimia 12 na miti haikuongeza akiba. Ilirudi hewani, na nusu ya ile ziada ilitokea udongoni kwa upumuaji. Yaani mti unakula, unashusha chini, wa chini wanapumua, imetoka. 2024 wakaeleza kwanini, vijidudu ndio walioikamata fosforasi, wana sehemu kubwa ya ile iliyo hai kwenye udongo na hawaiachii. Mti unalipa sukari na bado hapewi kitu.

Ila tusiseme misitu ya zamani yote ni hivyo. Mialoni ya Staffordshire kwenye udongo wenye afadhali ya virutubisho imeongeza uzalishaji kama asilimia 10 kwenye miaka miwili iliyopimwa, na nyingi ni mbao. Umri peke yake sio jibu, angalia udongo una nini.

tumbo_la_ardhi

Nimechelewa ila naomba kutia neno. Majaribio yote haya yanapandisha CO2 ghafla, leo 370 kesho 570, maisha halisi inapanda kidogokidogo kwa miongo. Fangasi wanaweza kuzoea. John Klironomos na wenzake walifanya hiyo kitu, ripoti yao ilitoka 2005, walipandisha kutoka 350 mpaka 550 polepole kwa miaka sita, vizazi 21, pembeni wakaweka vyungu vilivyopandishwa kwa mkupuo. Vya mkupuo vilipoteza aina za fangasi wa mykoraiza, vya polepole vilikuwa karibu sawa na vya hewa ya kawaida.

BintiKuvu

@tumbo_la_ardhi hoja nzito hiyo na huwa haitajwi inavyostahili. Ila lile lilikuwa jani la nyasi na sio mti, mti mmoja unaishi kipindi chote cha kupanda kwa CO2, vizazi vya fangasi wake vinapishana maelfu. Mimi ningeichukua kama onyo kuhusu *aina gani* za fangasi zinapotea, sio kuhusu ile njia ya sukari, hiyo inabaki.

jani_tupu

Na ile ya miti kugawana chakula kupitia nyuzi za fangasi? Naona video kila siku, mti mama sijui nini.

BintiKuvu

Kuna ushahidi wa kaboni kuhama, sina tatizo nao. Uswisi walipulizia CO2 yenye alama miprusi ya mita 40 juu kwenye matawi, wakaikuta alama kwenye mizizi myembamba ya majirani wa aina nyingine ambao hawakupuliziwa. Ripoti ya 2016, Klein, Siegwolf na Körner. Ila kutoka hapo kwenda kwenye mama anayenyonyesha watoto ni mruko mkubwa, kaboni kuonekana kwenye mzizi wa jirani haimaanishi jirani amefaidika nayo. Na kwenye msitu huohuo nikikupa kinachonivutia zaidi, walipima uyoga, wa mykoraiza ulikuwa na ile kaboni yenye alama, uyoga unaoozesha magogo haukuwa nayo. Ukitaka kujua sukari ya jani inafika kwa nani, huo ni ushahidi mzuri kuliko video.

Kokoto77

Swali la mwisho kwa wote, misitu ya tropiki je? Maana hizi zote ni Marekani, Ulaya na Australia.

Mchimba_Mzizi

Ndio pengo kubwa lililopo. Kuna AmazonFACE wanajenga kaskazini mwa Manaus, Brazil, maduara ya miti ya msitu wa asili kabisa, mpango ni kuongeza 200. Udongo wa pale fosforasi ni kidogo na miti mingi ina mykoraiza wa ndani, kwahiyo ukifuata ya Terrer ungesema naitrojeni sio kikwazo kikuu pale, ni fosforasi, na fangasi wao ndio mabingwa wa fosforasi. Ukifuata ya EucFACE ungesema vijidudu vitaikamata kwanza. Hizo mbili zinatabiri vitu tofauti. Mimi binafsi nitaanza kusoma kipimo cha upumuaji wa udongo kabla ya unene wa shina, kikipanda mapema huku shina limetulia basi ni Sydney tena.

tumbo_la_ardhi

Na waangalie tabaka la majani juu ya udongo, kule Amazon mizizi inapanda mpaka humo ndani inachukua fosforasi kabla haijagusa ardhi. Hiyo Sydney hawana kwa kiwango hicho.

Mchimba_Mzizi

Kweli kabisa, hiyo inaweza kuwapita vijidudu vya chini. Mwenye data ya hiyo mizizi ya juu aiweke hapa.